Kabla ya Chaki, Jembe

Siku ile ya maagano niliketi safu ya tatu, chini ya mwembe wa skuli moja ya kusini mwa Unguja ambayo jina lake sitolitaja. Watoto wa kidato cha pili walipangwa mistari miwili, sare zimepigwa pasi, wakaimba wimbo waliofundishwa kwa wiki nzima katika saa za somo la fizikia. Aliyeagwa alikuwa kijana wa Kizungu aliyefundisha pale kwa wiki tatu. Alivishwa kofia ya viua, akapewa mkoba wa ukili, na mwalimu mkuu akasema mbele ya hadhara kwamba skuli haitomsahau. Kijana alilia. Sikuona unafiki katika machozi yale, wala sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ulianza soda zilipopungua. Mwalimu mkuu aligeuka nyuma, akamwita mtu kwa jina tupu, bila ya "maalim", akamtuma dukani. Aliyetumwa alikuwa kijana wetu mwenye shahada ya ualimu wa sayansi, ambaye mwaka ule ulikuwa wake wa nne kufundisha fizikia na hisabati pale pale bila ya mshahara. Naye pia alikuwa akiitwa mwalimu wa kujitolea. Alikwenda, akarudi na kreti begani, akaligawa mezani kwa wageni, kisha akasimama ukutani. Hakuna aliyemwimbia.

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya kreti lile.

Wapenzi wa ushairi wanajua kwamba neno la Kiswahili hupimwa kama dhahabu, kwa kuligeuza geuza mkononi. Tuligeuze hili. Mzizi wake ni toa. Atoaye hutoa kitu: sadaka, rai, hukumu. Ajitoaye hujitoa mwenyewe, na mtu aweza kujitoa katika shughuli, yaani akaondoka zake. Lakini ajitoleaye amebeba ndani ya neno lake ile kauli ya kutendea, na kauli ile haikubali kukaa bila ya kuulizwa: unajitolea kwa ajili ya nani? Neno lenyewe lina swali tumboni. Sisi tumelitumia kwa miaka mingi, katika barua za wizara na katika hotuba za maagano, na swali lile tumelimeza.

Kwa kulimeza, tumezaa maana mbili zisizosalimiana. Mgeni akijitolea, neno humpandisha: hupewa chumba, hupigwa picha, huwekwa mbele. Mwenyeji akijitolea, neno hilo hilo humshusha: huwa ni jina la heshima la kutolipwa. Wa kwanza ana tiketi ya kurudi mfukoni. Wa pili ana mama anayemuuliza kila mwisho wa mwezi kama majina ya ajira yameshatoka. Lugha inayowaita wawili hawa kwa jina moja bila ya kuona haya, imeanza kutumiwa kusema uwongo.

Nianze na mgeni, maana ndiye anayeandikiwa vitabu vya mwongozo. Vitabu hivyo humweleza namna ya kuyazoea maisha ya ugenini: achemshe maji, afunge chandarua, avae nguo za stara, asile kwa mkono wa kushoto. Ni maneno ya kweli, nami siyadharau. Lakini hayo yote ni mambo ya mwili, na mwili huzoea wenyewe. Mpe mtu mwezi mmoja, jua la Unguja halitomwumiza tena kichwa, na muhogo wa nazi atauomba mwenyewe. Kuzoea kunakompasa mwalimu ni kwingine. Mwalimu aliyezoea ni yule anayeweza kusahihishwa na mtoto wa miaka saba mbele za watu, akashukuru, na kesho akaja tena.

Wahenga walilijua hilo waliposema kwamba mgeni akae siku mbili, ya tatu apewe jembe. Wengi wetu huichukua methali hii kwa mzaha, kana kwamba ni hila ya kumkimbiza mgeni mlafi. Mimi naiona ni methali ya ukarimu mkubwa. Mtu aliyepewa jembe ameshaitwa shambani. Ataoneshwa mstari unapoanzia, atafundishwa magugu na miche, na akikata mche wa muhogo atakemewa kama anavyokemewa mtoto wa nyumbani. Kukemewa ndiyo kukubaliwa. Mgeni asiyekemewa bado yuko sebuleni.

Siku hizi tumebuni desturi nyengine: mgeni tunampa chaki siku ya kwanza. Chaki humweka mtu mbele ya watu, na jembe humweka kati yao. Kwa haraka yetu ya kumsimamisha mgeni mbele, tumemnyima nafasi ya kuwa kati, kisha tunashangaa kwamba amekaa nasi muda wote na hakutujua.

Tazama yanayotokea darasani. Mgeni anaeleza, kisha anauliza kama wameelewa. Watoto wote kwa sauti moja hujibu kwamba wameelewa. Mwalimu yeyote aliyezaliwa hapa anajua kwamba jibu lile ni salamu tu, ni adabu ya kumwondolea mkubwa fedheha. Mgeni huliandika kuwa ni ushahidi. Anamuuliza mtoto mmoja swali, mtoto anainamisha macho kwa heshima, na mgeni anadhani anaficha kosa. Anawaambia waje saa mbili, wanakuja asubuhi na mapema, ilhali yeye alikusudia mchana, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Makosa haya yanachekesha mara moja. Yakirudiwa muhula mzima, na kila mgeni mpya akayaanza upya, wanaolipa ni watoto, na malipo yao huonekana katika karatasi ya mtihani.

Sisemi haya kwa uchungu wa mtu asiyewahi kuona mgeni mwema. Nimemwona, na ndiye aliyenifundisha kuwapima wengine. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kaskazini mwa Uingereza, mwalimu wa hisabati kwa miaka mingi kwao, aliyekuja katika skuli niliyokuwa nikifundisha mwaka 2008. Siku ya kwanza alipewa ratiba, akairudisha. Akaomba mwezi mmoja wa kukaa dawati la nyuma katika darasa la tatu. Mwalimu mkuu alifadhaika, akaona skuli itachekwa. Bibi yule akakaa, magoti yamegota kwenye dawati, akiandika alichoandika kila mtoto. Akisema "kitabu yangu", kulikuwa na msichana mdogo mbele yake ambaye hata hakugeuka. Alisema tu, "changu", na bibi akarudia, "changu". Kila alichokiona alikiuliza jina, hata watoto wakampa la kwake: Mwalimu Yaitwaje. Nami sikuwahi kusikia jina la heshima zaidi ya hilo.

Alikaa kwa mjane mmoja pale kijijini, si katika hoteli ya ufukweni. Alijifunza kukuna nazi kwa mbuzi, akachanika kidole, akachekwa. Alipoanza kufundisha sehemu, hakuanza na duara la keki kama lilivyo katika vitabu vyake. Alikuja na pishi na kibaba alivyoazima dukani, akamwita mtoto ajaze mchele: vibaba vinne vikajaa pishi moja, na robo ikaonekana kwa macho kabla ya kuandikwa ubaoni. Watoto wale walikuwa wakiijua pishi tangu utotoni kwa zaka ya Fitri inayopimwa majumbani mwao. Elimu ilikuwamo ndani ya nyumba zao, na mgeni ndiye aliyeitoa nje kwa sababu alikuwa ameingia ndani.

Umeme ulipokatika Unguja nzima Disemba 2009, usirudi mpaka Machi 2010, wageni wengi waliondoka, na sikuwalaumu. Yeye alibaki, akasahihisha madaftari kwa taa ya mafuta, kama sisi. Alipoondoka mwaka ule hakuimbiwa wimbo, maana hakuna aliyekumbuka kwamba yeye ni wa kuagwa. Mjane aliyemweka alimpa mbuzi wake wa kukunia nazi. Wanaojua jikoni la Kiswahili wataelewa uzito wa zawadi ile.

Mwanamke huyo si muujiza. Njia aliyoifuata ni kongwe katika mwambao huu. Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864, alikuja kufundisha na kuhubiri. Lakini kitabu chake cha sarufi na kile cha ngano, vyote vya mwaka 1870, vilitokana na kukaa na kuwasikiliza watu wa Unguja waliomsimulia. William Taylor wa Mombasa alikuwa mmishionari, naye alimpata mwalimu wake katika Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na kwa mkono wa Sikujua mashairi ya Muyaka bin Haji yakahifadhiwa, hata yakaja kutolewa kitabuni mwaka 1940. Najua nitajibiwa kwamba watu hawa walikuja kwa upepo ule ule ulioleta ukoloni. Ni kweli, na sitaki kuwatakasa. Nasema tu kwamba hata wao, pamoja na kiburi cha zama zao, walitambua kwamba hawezi kufundisha mtu asiyekubali kufundishwa. Itakuwa aibu kwa mjitoleaji wa leo, anayejiita rafiki na ndugu, kuwa na subira ndogo kuliko wao.

Na yupo mwengine wa kukumbukwa, aliyekwenda njia ya kinyume. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Hakuwa mjitoleaji, alikuwa mwajiriwa. Lakini alikuwa mwalimu ugenini, na ugeni wake una la kutufunza. Alikuwa bingwa wa somo lake kuliko mtu yeyote mjini humo. Hata hivyo kitabu kikubwa cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, ambacho sehemu kubwa ni kazi yake, kilitoka kwa jina la Carl Velten. Mwaka 1904 Mtoro akaoa mwanamke wa Kijerumani, na dharau juu yake ikazidi hata akaacha kazi chuoni. Alipotaka kurejea Afrika ya Mashariki pamoja na mkewe, wakuu wa koloni waliwazuia kuteremka. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Weka mizani mbele yako, msomaji. Mwalimu wetu alikwenda kwao akiwa na ujuzi wote, asipewe heshima. Mwalimu wao anakuja kwetu, pengine hana ujuzi wowote wa kufundisha, akapewa heshima yote kabla hajafungua kinywa. Kijana aliyetoka skuli juzi hawezi kusimamishwa mbele ya darasa la watoto wa London kwa kuwa tu ana moyo mwema na tabasamu. Kwa nini tabasamu hilo liwe shahada pindi ndege inapotua Kisauni?

Hata mashirika makubwa ya kujitolea yamelijua jambo hili kwa kulijaribu. Shirika la Kiingereza la VSO lilipoanzishwa mwaka 1958 lilianza kwa kupeleka vijana waliomaliza skuli, na baadaye likageukia watu wenye taaluma na uzoefu. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa mwaka 1961, na makundi yake ya mwanzo kabisa yalikwenda Ghana na Tanganyika: wale wa Ghana walikuwa walimu, wale wa Tanganyika wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba. Mjitoleaji wake hutumikia miaka miwili, na kabla ya hapo hufundwa kwa kiasi cha miezi mitatu, akikaa na familia ya wenyeji na kujifunza lugha. Mtu aweza kuwa na mengi ya kusema juu ya siasa ya Marekani, nami ninayo. Lakini mpango ule angalau unampa mgeni jembe kabla ya chaki. Ninaowalalamikia ni hawa wa wiki mbili na wiki tatu, wanaonunua nafasi ya ualimu kwa kampuni za safari kama wanavyonunua nafasi ya kwenda kuwaona pomboo Kizimkazi.

Watakaonipinga watakuja na hoja tatu, nazo nazijua kwa sababu nami niliwahi kuzisema.

Watasema kwanza kwamba darasa lenye mgeni ni bora kuliko darasa tupu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunaiamini wakati wote. Katikati ya miaka ya 2000, Tanzania Bara ilipojenga sekondari za kata kwa haraka na kukosa walimu, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa kozi fupi wakapelekwa darasani. Nchi nzima iliwacheka. Wakaitwa walimu wa "vodafasta", kwa jina la vocha ya simu, kwamba wametiwa elimu haraka haraka kama salio. Vijana wale walikijua Kiswahili, waliwajua watoto, na walikuwa wamefaulu masomo waliyopewa kufundisha. Kama wiki chache za mafunzo hazikumtosha mtoto wetu kuwa mwalimu, kwa hoja gani zitamtosha mgeni ambaye hata wiki hizo hakuzipata? Tumemcheka mmoja na kumpigia ngoma mwengine, na sote tunajua tofauti yao ni nini. Ni rangi, na ni tumaini letu la kupata chochote.

Watasema pili kwamba wageni huleta rangi za kuta, vitabu na kompyuta. Alhamdulillahi, vije. Mwenye kutoa rangi ashukuriwe kwa rangi yake, na jina lake liandikwe ukutani akipenda. Lakini darasa ni amana, halilipwi kwa ndoo ya rangi. Tukilitoa darasa kwa kila aliyeleta zawadi, tumeuza kitu kisichokuwa chetu, kwani akili ya mtoto ni mali ya mtoto.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba watoto wetu wanahitaji Kiingereza, na Kiingereza bora kipo kinywani mwa mwenyewe. Hakika, masomo ya sekondari tumeyafundisha kwa Kiingereza miaka yote, na Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaipeleka hisabati na sayansi katika lugha hiyo tangu darasa la tano. Kwa hivyo mtoto yuko ukingoni, na ng'ambo ya pili anaitwa. Anachokihitaji ni daraja, na daraja lazima lishike kingo mbili. Mgeni asiyejua Kiswahili ni nguzo moja iliyosimama upande wa pili wa mkondo, imara na nzuri ya kutazama, na watoto wanazama katikati. Mwalimu Yaitwaje alifundisha kwa Kiingereza kama ratiba ilivyotaka. Lakini mtoto alipokwama, alijua neno la Kiswahili la kumtupia kama kamba.

Sasa, je, tufunge milango? Mwaka 1968 Ivan Illich, padri na mwanafikra aliyeishi Mexico, aliwasimamia vijana wa Kimarekani waliokuja kujitolea nchini humo, akawaambia wasije kabisa kusaidia. Wakija waje kutazama na kujifunza tu. Nimeisoma hotuba ile mara nyingi na kila mara hunitikisa. Lakini siwezi kuifuata mpaka mwisho wake. Sisi ni watu wa bandari. Mwambao huu uliumbwa na waliokuja kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi, na lugha yenyewe tunayojivunia imejaa maneno waliyoyaacha. Kufunga mlango si tabia yetu. Tabia yetu ni kumfunza mgeni namna ya kubisha hodi, na hiyo ndiyo tuliyoiacha.

Na hapa ulimi wangu unageuka kwetu, maana mgeni hawezi kulaumiwa kwa kuketi palipotandikwa. Nani aliyemwambia asijisumbue na Kiswahili, kwamba watoto wanaelewa? Ni sisi. Nani anayemwacha mke na watoto wakila ukumbini, akamwandalia mgeni meza peke yake kwa uma na kisu, kisha akasema wageni hawachanganyiki? Ni sisi. Tunasema nao Kiingereza hata pale wanapojaribu kutuamkia kwa Kiswahili, kwa sababu tunataka kuonekana tumesoma. Mgeni anasema, "Habari za asubuhi," tunamjibu kwa lugha yake, na mlango aliokuwa amekwisha kuusukuma tunamfungia usoni. Watu wanaoandika mashairi ya kukisifu Kiswahili, kisha wakamwonea haya mgeni anayetaka kujifunza, mashairi yao ni mapambo ya ukutani.

Wahenga wametuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni yule kijana wa kreti. Yeye na wenzake wengi, Unguja na Pemba na Bara, wamesomeshwa kwa fedha za wazazi na mikopo, wakarudi katika skuli zilizokuwa hazina mwalimu wa sayansi, wakafundisha kwa nauli ya kuchangiwa na kamati za wazazi. Kila mwaka huambiwa wangoje. Msala upitao ni msala mzuri, sina neno nao, lakini unapita. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoenea, Peace Corps iliwaondoa wajitoleaji wake wote duniani kwa mkupuo mmoja, watu wapatao 7,000. Haki yao, kila mtu hukimbilia kwao dunia ikitikisika. Skuli iliyokuwa imetandika msala tu iliamka sakafuni.

Ninachokitaka ni kidogo, na hakuna ndani yake kinachohitaji mfadhili. Kwanza, asipewe mtu darasa kwa muda unaopungua mwaka mmoja wa masomo. Mwenye wiki tatu na aje, akae dawati la nyuma, acheze mpira na watoto, asome nao hadithi, ajifunze. Aitwe mgeni wetu, asiitwe mwalimu. Pili, mwalimu wa kujitolea asishike chaki mpaka aweze kueleza jambo moja la somo lake kwa Kiswahili mbele ya kamati ya wazazi, na kinamama wakubali kwamba wamemwelewa. Mahali pa kujifunzia hapatafutwi mbali: TAKILUKI imewafundisha wageni Kiswahili hapa Mjini tangu miaka ya mwisho ya 1970, na kazi ile leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa. Tatu, kila mgeni apewe mwenzake mwenyeji wa somo hilo hilo, na katika ratiba jina la mwenyeji litangulie. Nne, kampuni zinazowatoza vijana wa Ulaya na Marekani fedha za kuja kufundisha kwetu zilazimishwe kutoa fungu la kumlipa mwalimu mwenyeji ambaye darasa lake wanalitumia. Ikiwa nafasi ile ina bei, basi mwenye nafasi apate haki yake.

Na la mwisho halihusu wageni kabisa. Tuache kuwaita watu wasiolipwa kuwa ni wa kujitolea ilhali hawakujitolea bali wamekosa. Anayejitolea ana hiari. Aliyengoja ajira miaka minne hana hiari, ana subira, na subira ya mtu si bajeti ya kuendeshea skuli. Kama hatuna cha kumlipa, angalau tumwite maalim, tumpe kiti siku ya maagano, na soda akachukue mwengine.

Yule kijana mimi nilikuwa nikimwita maalim tangu alipoanza, na hakuzoea; kila mara alitazama nyuma kuona nani anaitwa. Sasa hafundishi tena. Ana kibanda Darajani, anatengeneza simu na kuuza vocha. Mwaka jana nilimpelekea simu yangu iliyoanguka majini. Aliifungua kwa bisibisi ndogo kama sindano, na alipokuwa akifuta kutu alinieleza, bila ya kuombwa, jinsi chumvi inavyopitisha umeme pasipotakiwa. Aliniambia kwa Kiswahili safi, kwa mpango, hatua kwa hatua, akaniangalia machoni kuona kama nimeelewa. Kijana mdogo aliyekuja kununua vocha alisimama kusikiliza, akasahau kuchukua chenji yake.

Nilipotaka kulipa alikataa. Akaniuliza, "Maalim, pale skuli siku hizi wana mwalimu wa fizikia?"

Nikamwambia nimesikia kuna mgeni anakuja mwezi wa Julai.

Aliurudisha mfuniko wa simu, akaukaza, akanipa.

"Wa wiki ngapi?" akauliza.